Kidenmark kwa anayeanza: ushike sentensi za safarini kwanza, au min, mit na mine?

Mwezi huu watu wawili wameniuliza swali moja. Wa kwanza ni mdogo wangu wa kike, anayekuja Copenhagen kwa siku kumi na mbili kwenye harusi. Wa pili ni shemeji, amepata kazi Odense na anahamia huko na mke na watoto. Wote wana kitabu cha aina ile ile cha wanaoanza: kurasa za mwanzo zimejaa "samahani, choo kiko wapi", halafu ghafla inaingia sura ya umiliki, zile -angu, -ako na -ake za Kidenmark kama min, mit na mine, na hapo ndipo walipokwama wakanipigia. Dada, nisome ipi, niruke ipi?

Nimewajibu tofauti, na sababu yake haimo kitabuni. Vitabu hivi vingi vimeandikwa kwa watu waliozoea Kiingereza. Kwao sentensi za safarini ndiyo nyama laini na umiliki ndiyo mfupa. Kwa aliyekulia Kiswahili mambo yako kinyume: umiliki tunao mdomoni tangu utotoni, kinachotutoa jasho ni kutamka neno lao la "chakula" mpaka mwenye duka aelewe.

Sentensi za safarini

Uzuri wake ni kwamba unazitumia siku ile ile uliyoshuka kwenye ndege. "Hej" ukikutana na mtu, "hej hej" ukiagana naye. "Tak" ni asante, "tusind tak" ni asante elfu, na anayejibu husema "selv tak". "Undskyld" ni samahani, iwe umemkanyaga mtu au unataka kumuuliza njia. "Jeg hedder" fulani, ninaitwa fulani. "Jeg kommer fra Tanzania". Ukiwa na hizi pamoja na "hvor er" (iko wapi) na "hvad koster det" (ni bei gani), umeshavuka barabara.

Kuna mahali hapa Mswahili anapata nafuu asiyoitarajia. Kidenmark hakina neno moja la "tafadhali". Aliyezoea Kiingereza hulitafuta kitabu kizima, asilione, akabaki anajiona hana adabu. Sisi tunapotaka maji mgahawani hatusemi sana tafadhali, tunasema "naomba maji". Mdenmark naye anasema "må jeg bede om et glas vand", na hilo "bede" ni kuomba kabisa, lile lile la kumwomba Mungu. Kwenye duka la mikate inafupishwa: "to rundstykker, tak", mikate miwili ya duara, asante. Asante inatangulia hata kabla hujapewa, na ndiyo inayobeba heshima yote.

Vivyo hivyo mezani. Ukimaliza kula unamwambia mwenyeji "tak for mad", naye anajibu "velbekomme". Mkikutana tena baada ya mwaliko unaanza na "tak for sidst", yaani asante kwa mara ile ya mwisho. Mtu wa pwani anayejua kuulizana za tangu juzi hatahitaji kuelezwa mara mbili. Mdogo wangu, anayekwenda harusini, nimemwambia hizo mbili zina faida kuliko kurasa ishirini za kuulizia hoteli.

Sasa ubaya wake. Wa kwanza ni matamshi, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Kiswahili tunasoma kilichoandikwa. Kidenmark kinaandikwa hivi na kusemwa vile. "Jeg" inatoka kama yai lile la kuku. "Hvad" haina h na d yake imeyeyuka. Alfabeti ina herufi 29, na tisa kati ya hizo ni irabu: zile zetu tano, kisha y, æ, ø na å. Irabu hizo tisa zinatoa sauti nyingi zaidi ya tisa, na ndizo zinazotofautisha neno na neno.

Halafu kuna d laini, ile ya "mad", chakula. Wengi tukiisikia mara ya kwanza tunasikia l. Anza na dh ya "dhahabu", kisha uilegeze, ncha ya ulimi ishuke nyuma ya meno ya chini, pasiwe na mkwaruzo. Anayeijua dh tayari yuko mbele ya wageni wengi, lakini bado atacheka na kuchekwa. Na kuna stød, kile kikwazo cha ghafla kooni, kama mtu aliyeanza kugugumia akajizuia. "Hun" bila stød ni yeye wa kike. "Hund" yenye stød ni mbwa, na ile d mwishoni haisikiki, kwa hiyo kinachomtenga mwanamke na mbwa ni hicho kikwazo tu. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kutangaza darasani kwamba mwalimu wetu hatakuja, anaumwa. Darasa zima likamwonea mbwa huruma.

Ubaya wa pili, ambao naona ni mkubwa zaidi, ni majibu. Kitabu kinakufundisha kuuliza, hakikufundishi kujibiwa. Unasema sentensi yako ya mikate vizuri, umeifanyia mazoezi kwenye basi, na dada wa kaunta anakurudishia "var der andet?" kwa pumzi moja, halafu "skal du have bonen med?", na umekwisha. La kwanza anauliza kama kuna kingine, la pili kama unataka risiti. Jibu la kukutoa ni moja kwa yote mawili: "nej tak". Wadenmark wengi wanajua Kiingereza vizuri, na wakiona unahangaika watahamia huko wenyewe kwa nia njema. Kwa hiyo mgeni wa siku kumi na mbili hafi njaa hata asipojua neno. Sentensi hizi kwake ni za heshima, na heshima ina thamani yake, ila ajue ananunua nini.

Tarakimu nazo ni balaa la kivyake. Hamsini ni "halvtreds", na maana yake ya asili ni ishirini mara mbili na nusu. Sitini ni "tres", tatu za ishirini. Tisini ni "halvfems", nne na nusu za ishirini. Isitoshe, mamoja hutangulia makumi: hamsini na tano ni "femoghalvtreds", tano na hamsini, kama Waarabu wanavyohesabu. Ndugu zetu wa Muscat hapo wana faida. Wengine tuangalie kioo cha mashine ya kadi.

Na saa. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa tukutane stesheni "halv ni" kwenda Odense. "Ni" ni tisa, "halv" ni nusu, nikaandika tisa na nusu ya Kizungu. Kumbe Mdenmark anaihesabu nusu kuelekea saa inayokuja: "halv ni" ni nusu ya kuifikia tisa, yaani saa mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Nilifika na kahawa mbili mkononi, saa nzima baada ya treni kuondoka.

Umiliki

Tugeuze upande. Mwenye kitabu chake aifungue hiyo sura inayotisha, na aiweke pembeni ya Kiswahili:

gari langu: min bil
pasipoti yangu: mit pas
watoto wangu: mine børn
begi lako: din taske
meza yako: dit bord
funguo zako: dine nøgler

Umeona kinachotokea? Neno la umiliki linafuata kinachomilikiwa. Nomino za Kidenmark ziko katika makundi mawili, la "en" na la "et". Ya en inachukua min na din, ya et inachukua mit na dit, na wingi wote unachukua mine na dine. Basi. Ni upatanisho wa ngeli, ule ule uliotuchapia viboko darasa la nne. Aliyezoea Kiingereza anashangaa kwa nini "yangu" ina sura tatu. Sisi "-angu" ina sura tisa: wangu, yangu, langu, changu, vyangu, zangu, pangu, kwangu, mwangu, na mtoto wa miaka minne hakosei. Kidenmark kwetu ni punguzo la bei.

Tena zinazobadilika ni chache. "Vores" (-etu), "jeres" (-enu) na "deres" (-ao) hazigeuki hata uzipeleke wapi. Vores bil, vores hus, vores børn.

Ugumu uko pengine. Ki- ya "kitabu" inakuambia yenyewe kwamba useme "changu". Nomino ya Kidenmark haikupi dalili. Takriban robo tatu zote ni za en, zilizobaki ni za et, na mgawo hauna huruma: nyumba ni et hus, meza ni et bord, na mtoto naye ni et barn, kawekwa kundi moja na meza. Mama na baba wako kwenye en. Dawa ni moja: usijifunze neno peke yake, lijifunze na kichwa chake. Usiandike "pas", andika "et pas". Ukilizoea hivyo wiki ya kwanza, "mit" itakuja bila kuitwa. Ukiliacha mpaka mwaka wa pili, kama nilivyofanya mimi, utakuwa unafukua maneno elfu moja upya.

Utamu mwingine: simu ya mtu anayeishi Denmark inamfundisha sarufi hii bure. Kitambulisho cha mtandaoni, unachoingilia kwenye mambo ya kodi na barua za serikali, kinaitwa MitID. Programu ya kuwasiliana na daktari wako wa familia inaitwa Min Læge. Ya hospitali za mkoa wa Syddanmark, ambako Odense ipo, inaitwa Mit Sygehus. Mit, min, mit: daktari ni en, hospitali ni et. Shemeji atavisoma hivyo kila siku kabla hajajua neno la kuagiza soda.

Mpangilio ndio unaogeuka. Sisi tunataja kitu kwanza kisha mwenyewe. Wao mwenyewe anatangulia. Na pale tunapotumia -a unganifu, wao wanabandika s mwishoni mwa mwenye mali, bila alama yoyote juu yake: Annas hus, nyumba ya Anna. Alama ya juu inakuja pale tu jina linapoishia kwa s, x au z, kama Jens' cykel. Utakutana na mabango ya maduka yaliyoikosea hii, na Wadenmark wakilumbana kuhusu mabango hayo. "Nyumba ya mama wa rafiki yangu" inakuwa "min vens mors hus". Isome kutoka nyuma kwenda mbele na utakuta sentensi yako ya Kiswahili imekaa humo yote.

Kosa la kawaida hapa ni kuvisha nguo mbili. "Bilen" ni lile gari, en ikiwa imehamia mkiani kuonyesha linajulikana. Ukishasema min, mkia huo unaondoka: min bil, kamwe si "min bilen". Aliyepitia Norway kwanza ataumia, maana kule wanasema "bilen min", mwenyewe nyuma kama sisi.

Sasa "-ake", na hapa tupunguze mwendo, kwa sababu ndipo peke yake Kiswahili kinapotuangusha. Kwetu "alichukua begi lake" inatosha, tukibanwa tunaongeza "mwenyewe". Mdenmark anagawa mara mbili. Kwanza anataka kujua mwenye mali ni mwanamume au mwanamke: hans au hendes. Sisi wa "yeye" mmoja tunachanganya hilo miaka na mikaka. Pili anataka kujua kama mali ni ya huyo huyo anayetenda. "Han tog sin taske": alichukua begi lake mwenyewe. "Han tog hans taske": alichukua begi la mwanamume mwingine. Herufi chache tu, na mmoja ni abiria, mwingine ni mwizi. "Sin" nayo ina sin, sit, sine kwa kufuata kitu, kama min.

Kanuni mbili za kukulinda. Sin haisimami kwenye kiima: mke wake anakuja ni "hans kone kommer". Na watenda wakiwa wengi, sin haitumiki, ni deres. (Ukiona Hans kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, huyo ni mtu, jina la kiume la kawaida huku, na mbwa wake ni Hans' hund. Wadenmark wenyewe wanaifanyia utani.)

Kuna mahali wao na sisi tunakutana kabisa, na sijaona kitabu kinachosema. Mwili. Hatusemi "kichwa changu kinauma", tunasema "kichwa kinaniuma". Mdenmark kwa kawaida anasema "jeg har ondt i hovedet", nina maumivu kichwani, hakuna "changu". Tumbo: i maven. Mgongo: i ryggen. Na ndugu: mjomba ni morbror, shangazi ni faster, mama mdogo au mama mkubwa ni moster, bibi mzaa mama ni mormor na mzaa baba ni farmor. "Min moster" inamwingia Mswahili bila maelezo.

Kinyume chake pia nimekiona. Usa River, Arusha, kwenye kituo cha mafunzo kiitwacho MS-TCDC, Wadenmark wa kujitolea wamekuwa wakifundishwa Kiswahili kwa miaka mingi. Jirani yangu mzee alipita pale ujanani, na mpaka leo ananiambia "kitabu yangu". Anashangaa mimi siteseki na mit.

Basi nani ashike nini

Mdogo wangu, wa siku kumi na mbili: sentensi, na azijifunze kwa masikio. Asisome kwenye karatasi hata moja kabla hajaisikia ikisemwa, la sivyo atakuja na Kidenmark cha maandishi ambacho Mdenmark hakijui. Sentensi kumi na tano zinamtosha, pamoja na "kan du sige det igen?", unaweza kusema tena. Kutoka sura ya umiliki achukue maneno machache ya vitu anavyoweza kupoteza: mit pas, min kuffert, min telefon, min billet. Na namba 112 ya dharura. Sin na hans aziache Dar.

Shemeji: umiliki wiki ya kwanza, kabla ya choo kiko wapi. Nilimwambia hivyo akadhani namtania. Lakini kitakachomkuta kaunta ya halmashauri siyo bei ya kahawa. Ni "har du din kones pas med?", umekuja na pasipoti ya mke wako, ni "er det dine børn?", ni fomu zenye barnets navn (jina la mtoto) na fars cpr-nummer (namba ya utambulisho ya baba), s baada ya s. Asiposikia ile s, atatoa pasipoti yake mwenyewe na kusubiri. Sentensi za dukani zitamjia zenyewe kwa kurudiwa kila siku.

Na kwa anayekaa, safari haiishii hapo. Kwenye vituo vya lugha watampanga katika mojawapo ya njia tatu, Danskuddannelse 1, 2 au 3, kulingana na elimu yake. Ukaazi wa kudumu unadai mtihani wa Prøve i Dansk 2, na uraia kwa kawaida Prøve i Dansk 3. Huko kuna kuandika, na kwenye kuandika huwezi kumumunya sin ikasikika kama hans.

Anayekuja kwa ndoa nimemweka katikati. Wakwe hawazungumzi habari za stesheni, wanazungumza habari za watu: mama yake, gari la kaka yake, mtoto wa dada yake. Ajifunze hendes na hans mapema, na tak for mad siku ile ile.

Mdogo wangu anatua Jumamosi. Jana nilimtumia sauti ya sekunde kumi na nne yenye "tak for mad" mara tano, polepole. Akanirudishia ya kwake, na d yote ni l: tak for mal, tak for mal. Nimemwambia aiache hivyo hivyo. Mama wa bwana harusi atamwelewa, mikono itakuwa bado ina mchuzi.